Mbona chini ya mbuyu hakuna shimo?

MASWALI NA MAJIBU: Safu ya walimu na wanafunzi wa vyuo. Anajibu mwalimu mstaafu wa botania.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Huu ni mwaka wangu wa pili nikiwa mhadhiri msaidizi hapa Dodoma. Nimepewa baiolojia ya mwaka wa kwanza, wanafunzi 420 ukumbi mmoja. Nikiuliza "tuko pamoja?" ukumbi mzima unaitikia "tuko pamojaaa". Likija jaribio, nusu yao wanaandika mambo ambayo sijawahi kuyatamka. Mkuu wa idara amesikia habari za vidude vya kupigia kura darasani, na yuko tayari kuomba fedha tununue 450. Nimuunge mkono?
Mhadhiri Kijana, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwombe mkuu wako asubiri muhula mmoja. Vidude hivyo sividharau hata kidogo. Nimevitumia, nimevipenda, na baadaye vikanifia mkononi. Ngoja nikueleze.

Nilikutana navyo mwaka 2007 huko Boulder, Colorado, nilipokuwa msaidizi wa kufundisha wakati wa masomo yangu ya uzamivu. Wanafunzi wa kule waliviita klika. Kila mmoja alikuwa na yake mkobani: kidude cha kujaa kiganjani, vitufe vitano, A mpaka E, mfano wa rimoti ya feni. Mwalimu anaweka swali ukutani, wanafunzi wanabonyeza, mawimbi ya redio yanafika kwenye kipokezi kilichochomekwa katika kompyuta yake, na kura zinaonekana ukutani kama nguzo, ndefu na fupi. Za zamani zaidi zilitumia mwanga usioonekana, kama rimoti ya televisheni, hivyo aliyekaa nyuma ya mtu mrefu alipata taabu. Hizi za redio, kama ile iitwayo iClicker waliyoibuni walimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Illinois pale Urbana-Champaign, ziliondoa taabu hiyo.

Nilipolala usiku wa siku ya kwanza kuziona, kilichokuwa bado masikioni mwangu ni kelele. Mwalimu alikuwa ameona kura zimegawanyika, akanyamaza na jibu lake. Aliwaambia tu wageukiane wazungumze. Watu karibu 300 wakaanza kubishana kuhusu jeni, tena kwa hasira kidogo, kama watu wanaobishania penalti. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye kumbi ambazo sauti ni ya mwalimu na mlio ni wa kalamu. Sikuwahi kuona kitu kama kile.

Utaratibu huo ulianza na Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, mwaka 1991. Alikuwa amegundua kwamba wanafunzi wake waliokokotoa hesabu ngumu walikwama kwenye maswali mepesi ya dhana: lori likigongana na gari dogo, lipi linamsukuma mwenzake kwa nguvu zaidi? Wengi walijibu lori, ilhali nguvu ni sawa pande zote mbili. (Mpe mwenzako wa fizikia swali hilo aliulize kwa basi na bajaji.) Basi Mazur akaanza kufanya hivi: swali, kila mtu afikiri kimya, kura ya kwanza, wageukiane, kura ya pili, ndipo maelezo. Kanuni yake ya kukata shauri naipenda kwa wepesi wake. Waliopata wakiwa chini ya asilimia 30, rudi ufundishe upya, kwa maana hakuna wa kumwelewesha mwenzake. Wakizidi 70, eleza kwa kifupi uendelee. Katikati ya hapo, waache wazungumze.

Mkuu wako atauliza: si wanamfuata tu yule mwenye akili? Swali hilo lilipimwa pale pale Boulder katika somo la jenetiki. Michelle Smith na wenzake walichapisha matokeo mwaka 2009 katika jarida la Science. Wanafunzi 350, jozi 16 za maswali. Kura ya kwanza, kila mtu peke yake: asilimia 52 walipata. Baada ya kuzungumza, swali lile lile: 68. Kisha, kabla hawajaambiwa jibu, wakapewa swali jingine la dhana ile ile lililovaa nguo nyingine, kila mtu peke yake: 73. Aliyemwigiza jirani asingelipata la pili. Kwa hiyo walielewa, na walieleweshana wao kwa wao, mwalimu akiwa amesimama kando.

Sasa tuje kwenye fedha. Kule Marekani klika moja mpya imekuwa ikiuzwa dola 40 mpaka 60 hivi. Ukichukua hiyo ya chini, 450 ni dola 18,000, na hujagusa betri, vipokezi, ushuru, wala mshahara wa mtu wa kuzitunza. Niliporudi nyumbani nilibeba 36 zilizotumika, nilizinunua kutoka kwa wanafunzi waliokuwa wanamaliza masomo. Nikazitumia kwenye darasa dogo la maabara. Wiki za mwanzo zilikuwa za furaha kweli. Halafu betri zikaanza kuisha, na zile nilizopata dukani hazikumaliza mwezi. Kugawa na kukusanya kulikula dakika 15 za kipindi cha dakika 55. Nilipobadilishiwa kompyuta, programu ilikataa kukitambua kipokezi, na hapakuwa na fundi wa kuniambia kwa nini. Mwaka wa pili ulipoisha zilibaki 11 zinazowaka. Nilizifunga kwenye boksi, na siku ile niliumia.

Jumatatu iliyofuata niliingia darasani na karatasi. Ulikuwa uamuzi wa dharura, lakini baadaye nilikuja kusoma kwamba Nathaniel Lasry, mwalimu wa fizikia Montreal, alikuwa amelinganisha jambo hilo hilo na kulichapisha mwaka 2008: kundi moja klika, kundi jingine kadi za mkononi, mafunzo yale yale. Katika uelewa wa dhana hakuona tofauti. Nilisoma ukurasa ule mara mbili.

Fanya hivi. Chukua karatasi ya A4, igawe robo nne, kila robo iwe na herufi na rangi yake: A nyekundu, B bluu, C kijani, D njano. Mwanafunzi anaikunja mpaka ibaki robo moja inayokutazama wewe, anaishika kifuani. Waliokaa nyuma yake hawaioni, na hilo ni la lazima. Ukiruhusu waoneshane, watafuatana. Wote waoneshe kwa pamoja kwa hesabu yako. Usihangaike kuhesabu kadi 420. Simama jukwaani utazame rangi, utajua kama ni theluthi au nusu, na ukitaka uhakika piga picha kwa simu uhesabu ofisini. Wanafunzi wajitengenezee wenyewe kwa kalamu za rangi wiki ya kwanza, kila mtu aiweke kwenye daftari. CR, yaani mwakilishi wa darasa, awe na akiba ya kadi 30 kwa waliosahau.

Kazi kubwa iko kwenye swali lenyewe, na hapa ndipo nakusihi uweke usiku wako. Nitakupa moja, uanze nalo. Dodoma mna mibuyu. Waambie wautazame mmoja wakati wa kuja chuoni. Kisha uliza hivi:

Mbegu ya mbuyu ina uzito usiofika gramu moja. Mbuyu mkubwa ukikatwa na kukaushwa mpaka tone la mwisho la maji, unabaki na uzito wa tani kadhaa. Sehemu kubwa ya uzito huo mkavu imetoka wapi? A, madini ya udongoni. B, maji yaliyonyonywa na mizizi. C, hewa. D, mwanga wa jua.

Usiache neno "mkavu". Mbuyu umejaa maji kuliko miti mingi, na usiposema umekaushwa, mwanafunzi makini atachagua B na atakuwa na haki yake.

Mara ya kwanza nilipouliza swali hili kwa kadi, ukumbi uligeuka mwekundu. Kwa kukadiria, saba katika kila kumi walisema udongo, na hawa ni watoto waliopata alama nzuri za baiolojia kidato cha sita, wanaoweza kukuandikia mlinganyo wa usanisinuru wakiwa wamefumba macho. Chini ya asilimia 30 walikuwa na kijani, yaani C, hewa, ambalo ndilo jibu sahihi, hivyo kwa kanuni ya Mazur nilipaswa kurudi kufundisha. Sijui nini kilinishika, nikawaacha wazungumze. Nikawa napita kwenye njia katikati ya viti. Safu ya tatu kutoka nyuma, msichana ambaye sikuwahi kusikia sauti yake muhula mzima alikuwa amemgeukia kijana wa pembeni yake, kadi yake ya kijani imelala mezani, anamuuliza: "Kama umetoka kwenye udongo, mbona chini ya mbuyu hakuna shimo?"

Kijana akafungua mdomo, akaufunga.

Swali lile lilitambaa kutoka safu hadi safu. Niliwaona wakilipokezana. Kura ya pili kijani ilizidi nusu ya ukumbi. Ndipo nikawasimulia habari za Jan Baptist van Helmont, mtabibu wa Brussels, aliyepanda mche wa mwerebi wa ratili 5 kwenye chungu chenye udongo mkavu wa ratili 200, akaumwagilia maji kwa miaka 5. Mti ukafikia ratili 169 na ushee; udongo alipoukausha na kuupima tena, ulikuwa umepungua wakia 2 hivi. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1648, yeye mwenyewe akiwa ameshafariki. Alihitimisha kwamba mti wote ni maji, na hapo alikosea, kwa sababu hakujua kwamba majani yanakula kabonidayoksaidi. Lakini shimo, yaani kutokuwepo kwake, aliliona karibu miaka 400 kabla ya msichana wangu wa safu ya tatu kutoka nyuma. Nilimwambia hivyo mbele ya wote.

Klika zinazidi kadi kwa mambo ambayo ni ya kweli: zinatoa hesabu kamili, zinahifadhi kumbukumbu, na hakuna anayeona kura ya mwenzake kabisa. Ukishafundisha muhula mzima kwa kadi, ukawa na maswali 40 mazuri yaliyojaribiwa, na chuo kikakuhakikishia umeme, fundi na stoo, rudi kwa mkuu wako muombe. Utakuwa unajua unaombea nini.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nipo mwaka wa kwanza, Mbeya. Kuna kozi moja mhadhiri anatuma maswali kwenye tovuti, tunajibu kwa simu humo humo ukumbini, na ukipata unapewa alama. Zinafika 10 kwenye kosiweki, zile alama za kabla ya mtihani wa mwisho. Mimi natumia kitochi, simu isiyo na intaneti. Bumu, fedha za mkopo wa wanafunzi, likiingia linaishia kwenye kodi ya chumba na chakula. Rafiki yangu huwa ananijibia kwenye simu yake akishamaliza ya kwake. Naogopa. Nifanye nini?
Wa Kitochi, Mbeya

JIBU: Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri kuandika.

Rafiki yako aache kukujibia kuanzia kipindi kijacho. Nia yake ni njema, lakini kwa macho ya chuo ni udanganyifu wenu nyote wawili. Mwaka 2014 katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, wanafunzi 64 wa somo moja walishtakiwa kwa jambo la aina hiyo: klika za wasiokuwepo zilikuwa zinabonyezwa na wenzao waliokuwepo. Wewe upo darasani, na hiyo ni tofauti kubwa, lakini kumbukumbu za tovuti hazioneshi tofauti hiyo.

Usiende kwa mhadhiri peke yako. Zungumza kwanza na CR, ahesabu kimya kimya ni wangapi hawana simu janja na wangapi wanazo ila hawana bando siku za kipindi. Nina hakika hamko wawili. Mkienda na idadi, saa za kuonana na wanafunzi, mhadhiri atasikia jambo la darasa zima badala ya shida ya mtu mmoja. Mwombeni moja kati ya haya: simu moja ijibu kwa watu watatu waliokaa pamoja, majina yote matatu yaandikwe, au wasio na simu wajibu kwenye kipande cha karatasi kinachokusanywa kabla jibu halijatolewa. Hakuna linalomgharimu.

Na wewe mhadhiri wa Mbeya, kama unasoma safu hii: mwenzangu, nakuomba uziondoe alama hizo kwenye usahihi. Mpe alama ndogo aliyeshiriki, apate au akose, au usimpe kabisa. Kura hizi zina faida moja tu, kukuonesha darasa linafikiri nini kabla hujalisahihisha. Ukiweka alama juu ya jibu sahihi, mtoto hawezi tena kukuonesha anachofikiri. Atakuonesha anachofikiri jirani mwenye sifa ya kufaulu. Na mtoto anayelala na njaa ili anunue bando la kujibu swali lako moja, huyo amelipa mtihani ambao haukupaswa kuwa na bei. Hili linaniuma na sitaacha kulisema.

SWALI: Assalaam aleikum Mwalimu. Mimi nafundisha wauguzi, Mombasa. Nimejaribu haya mambo ya kura, tena nina projekta na intaneti nzuri, hivyo vifaa si shida yangu. Shida ni kwamba nikisema "jadilianeni" wananyamaza. Nusu ya darasa ni wauguzi wa miaka mingi waliorudi kusoma, nusu ni vijana kutoka shule. Wakubwa hawataki kukosea mbele ya watoto, na watoto hawataki kuwasahihisha wakubwa.
Sister, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Heshima hiyo ni mali, usiivunje. Ipitie pembeni.

Kwanza nitazame swali ulilotumia. Umeniambia kwenye barua yako ndefu kwamba uliuliza kiwango cha kawaida cha himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, ni kipi. Hapo hakuna la kujadili. Ama unakikumbuka ama hukikumbuki. Jaribu hili: mtoto ana upungufu mkubwa wa damu, himoglobini ni 4. Kipimo cha kidoleni kinasoma oksijeni asilimia 98. Je, damu yake inabeba oksijeni ya kutosha? Vijana watasema ndiyo, kwa sababu 98 ni namba nzuri kitabuni. Wauguzi wako wakubwa wamewashika watoto hao kwa mikono yao, wameona wanavyohema, na mioyo yao itakataa ile 98 hata kama hawajui kueleza sababu. Hapo kila upande una kitu ambacho mwenzake hana. Kipimo kile kinaonesha ni sehemu gani ya himoglobini imebeba oksijeni, hakioneshi himoglobini ni nyingi kiasi gani. Matatu tatu zikiondoka stendi zimejaa, utasema zimejaa asilimia mia, lakini kama abiria wanahitaji matatu kumi, wengi wamebaki wamesimama.

Pili, badilisha agizo. Usiseme "mwambie jirani jibu lako." Sema "mweleze jirani kwa nini mtu mwenye busara angeweza kuchagua jibu hili au lile." Muuguzi wa miaka 20 anaweza kulieleza kosa bila kuwa ni lake, na kijana anaweza kulijibu bila kumjibu yeye. Nilijifunza agizo hilo kwa kubahatisha, nilipokuwa na darasa la walimu waliorudi chuoni, na halikuniangusha tangu hapo.

Na kura ya kwanza iwe ya siri kabisa. Usioneshe nguzo za kura ukutani kabla hawajazungumza. Wakiona B ndiyo ndefu, mazungumzo yamekwisha.

SWALI: Mwalimu, kijana wangu yuko mwaka wa kwanza chuo kikuu huko Marekani. Ameniambia anatakiwa anunue kidude cha dola 50 cha kujibia maswali darasani. Ninauliza tu, ni kweli au ananipiga?
Mzazi, Moshi

JIBU: Ni kweli, mzazi mwenzangu, jambo hili ni la kawaida kule na mara nyingi limeandikwa kwenye maelezo ya kozi. Mwambie akutumie ukurasa huo usome mwenyewe. Kabla hajanunua, amuulize mwalimu wake maswali mawili: je, programu ya simu inakubaliwa badala ya kidude, na je, kozi zake nyingine zinatumia aina hiyo hiyo? Kama ni lazima kidude, atafute kilichotumika kwa wanafunzi wa mwaka wa juu, ahakikishe vitufe vyote vinaitika, na akisajili kwa jina lake kwenye mfumo wa chuo ndani ya wiki ya kwanza, maana kisiposajiliwa kura zake hazina mwenyewe. Akiumwa akabaki chumbani, kidude kibaki naye chumbani. Akimaliza masomo atakiuza.